Kupasuliwa ni Shilingi Ngapi?

Swali hili huulizwa dirishani, huulizwa kwa simu, huulizwa kwa sauti ya chini kwenye benchi la kusubiria daktari: "Samahani dada, upasuaji wa ngiri kwenu ni shilingi ngapi?" Mhudumu hutaja kiasi. Muulizaji hukiandika kwenye simu yake, hushukuru, kisha hupiga hospitali ya pili na ya tatu. Jioni familia inakaa, bei tatu zinalinganishwa, na iliyo ndogo ndiyo inayochaguliwa. Siku ya mgonjwa kuruhusiwa kwenda nyumbani, bili inakuja imeizidi hata ile bei kubwa kuliko zote.

Mara nyingi hakuna aliyedanganya. Hospitali tatu zilijibu maswali matatu tofauti. Moja ilitaja ada ya daktari wa upasuaji peke yake, nyingine ikaongeza chumba cha upasuaji, ya tatu ikataja kila kitu hadi dawa za kupeleka nyumbani. Aliyeuliza hakujua kwamba swali lake lina vipande, na aliyejibu hakuona haja ya kumweleza.

Sura hii inaifungua bili ya upasuaji wa kulipia mwenyewe, yaani ule ambao fedha inatoka mfukoni kwa mgonjwa au kwa ndugu zake. Wanaolipa hivyo si matajiri peke yao. Wamo wauza mboga, walimu, madereva wa bodaboda na wastaafu, na wengi wao huanza na kikundi cha WhatsApp cha michango. Hao ndio wanaoumizwa zaidi na bei isiyoeleweka, kwa sababu kila shilingi inayoongezeka katikati ya safari inawarudisha kuomba kwa watu walewale.

Ngiri moja, bei mbili

Tumchukue fundi magari wa Gerezani, Dar es Salaam, mwenye ngiri ya kinena. Ngiri ni udhaifu au tundu kwenye ukuta wa misuli ya tumbo. Utumbo au mafuta husukumwa kupitia hapo na kutuna chini ya ngozi, hasa mtu anapokohoa au kunyanyua kitu kizito. Fundi huyu ni wa mfano, na tarakimu zinazofuata ni za mfano pia. Zimewekwa ili kuonyesha jinsi hesabu inavyokwenda, wala si orodha ya bei ya hospitali yoyote.

Hospitali ya kwanza inamtajia shilingi 800,000. Ya pili inamtajia 1,500,000. Kwa mtu anayehesabu vya kuazima, uamuzi unaonekana umeshafanyika. Lakini 800,000 ile ni ya daktari na chumba cha upasuaji tu. Akiingia, mengine yanafuata moja baada ya jingine:

- daktari wa usingizi: 250,000
- wavu wa kuimarisha ukuta wa tumbo: 200,000
- vipimo vya damu na picha kabla ya upasuaji: 120,000
- kitanda kwa siku mbili: 160,000
- dawa, nyuzi, glovu na bandeji: 90,000

Jumla imefika 1,620,000. Hospitali ya pili, iliyoonekana ghali, ilikuwa imeyaweka yote hayo ndani ya bei moja. Bei ya namna hiyo huitwa kifurushi: malipo ya pamoja kwa upasuaji wote, kuanzia kulazwa hadi kuruhusiwa. Nacho kina mipaka yake. Kwa kawaida hakijumuishi matatizo yasiyotarajiwa, siku za ziada kitandani au kliniki za marudio, na mipaka hiyo huandikwa sehemu ambayo mtu mwenye maumivu haisomi.

Wahudumu wengi watasema haiwezekani kutaja bei kamili kabla ya kumfungua mgonjwa, na kwa kiasi fulani ni kweli. Fundi wetu anaijua hali hiyo kwenye kazi yake. Gari likiletwa linagonga, hawezi kuapa bei ya mwisho kabla ya kufungua injini. Lakini anaweza kutaja bei ya kufungua, bei ya vipuri anavyovitarajia, na kuahidi kumpigia simu mwenye gari kabla ya kununua kingine chochote. Hospitali nayo inaweza kufanya hivyo. Inayokataa kumwandikia mgonjwa makadirio haina sababu ya kitabibu ya kukataa.

Nani analipwa nini

Bili ya upasuaji ni mkusanyiko wa malipo ya watu na vitu vingi, na kila kimoja kina mlango wake wa kuingilia.

Wa kwanza ni daktari wa upasuaji. Katika hospitali nyingi binafsi, hasa za Nairobi na miji mingine mikubwa, bingwa anayempasua mgonjwa si mwajiriwa wa hospitali ile. Ana kibali cha kulaza wagonjwa wake pale na hudai ada yake mbali na bili ya hospitali. Daktari msaidizi anaweza kudai yake, na wa usingizi yake. Mwaka 2016 Kenya ilichapisha kwenye gazeti rasmi la serikali kanuni za ada za madaktari, zenye kiwango cha chini na cha juu kwa kila aina ya kazi, kwa hiyo mgonjwa wa Kenya ana haki ya kuuliza ada anayotajiwa imesimama wapi katika viwango hivyo.

Wa pili ni daktari au mtaalamu wa usingizi, yule anayemlaza mgonjwa kwa nusu kaputi au kumtia ganzi, na kulinda pumzi na mapigo ya moyo wake muda wote wa kazi. Wagonjwa humsahau kwa kuwa humwona dakika chache tu. Aina ya ganzi hubadilisha bei. Nusu kaputi huhitaji mashine, gesi na dawa nyingi. Sindano ya mgongoni huhitaji vichache zaidi. Na ngiri nyingi za kinena zinaweza kushonwa kwa ganzi ya pale pale penye kidonda, mgonjwa akiwa macho na kurudi nyumbani siku hiyohiyo. Si kila mgonjwa anafaa kwa njia hiyo, lakini wengi hawajawahi kuambiwa kwamba ipo.

Chumba cha upasuaji, au thieta kama wanavyoiita wengi, hutozwa kwa saa au kwa ukubwa wa kazi. Ndani yake kuna wauguzi, umeme wa akiba, vifaa vilivyotakaswa na oksijeni. Baada ya hapo kuna kitanda, chakula, dawa na vifaa vya matumizi. Kipengele hiki cha mwisho huvimba kimyakimya, kwa sababu glovu, mabomba ya sindano na maji ya dripu huandikwa kimoja kimoja, na hakuna ndugu aliyekaa na daftari kuvihesabu.

Kuna malipo mengine ambayo watu huyakwepa wakidhani wanaokoa fedha: uchunguzi wa nyama. Uvimbe ukitolewa kwenye titi, shingo au kizazi, kipande chake kinatakiwa kwenda maabara kuangaliwa kwa hadubini kama kina saratani. Maabara hiyo mara nyingi iko nje ya hospitali na haimo kwenye kifurushi. Hutokea ndugu akakabidhiwa kikopo cha plastiki, uvimbe ukielea ndani ya dawa ya kuhifadhia iitwayo fomalini, na karatasi ya maombi imefungwa kwa raba bendi. Fedha imekwisha. Kikopo kinawekwa juu ya kabati nyumbani hadi mchango mwingine upatikane, na wakati mwingine hapo ndipo habari zake zinapoishia. Kama uvimbe ule ulikuwa na saratani, familia imelipia sehemu iliyo ghali ya kazi na kuacha ile ambayo ingewaambia hatua inayofuata. Ada ya maabara iingizwe kwenye hesabu tangu siku ya kwanza, kabla ya nauli na kabla ya chakula.

Kwa ufupi: bei inayotajwa kwa simu mara nyingi ni ya kipande kimoja. Kifurushi hurahisisha kulinganisha, ila lazima kisomwe kina nini na kinaacha nini. Daktari wa usingizi, vifaa na uchunguzi wa nyama ndivyo vinavyosahaulika zaidi.

Wavu wa dola 125 na wavu wa dola 1

Vifaa vinavyobaki mwilini ndivyo vinavyotofautiana bei kwa namna ya kushangaza: wavu wa ngiri, lenzi ya jicho, vyuma vya mifupa.

Mwaka 2016 yalitangazwa matokeo ya utafiti uliofanyika mashariki mwa Uganda. Wanaume 302 wenye ngiri ya kinena waligawanywa makundi mawili kwa bahati nasibu. Kundi moja liliwekewa wavu wa kawaida wa hospitali, wenye bei ya takriban dola 125 za Marekani. La pili liliwekewa wavu uliokatwa kutoka kitambaa cha aina ya chandarua na kutakaswa vijidudu kwa mashine. Huo uligharimu kama dola 1. Baada ya mwaka mmoja ngiri ilikuwa imemrudia mtu mmoja tu kati ya wote waliowekewa wavu wa bei ndogo, na hakuna hata mmoja katika kundi lile jingine. Watafiti waliona matokeo ya makundi hayo yanalingana.

Hiyo si ruhusa ya kushonea chandarua cha dukani. Kitambaa kile kilichaguliwa na kutakaswa kwa utaratibu maalumu, na waliokishona walikuwa madaktari chini ya usimamizi wa utafiti. Somo lake kwa mlipaji ni jingine. Bei ya kifaa haielezi peke yake ubora wa matokeo, na penye aina mbili za kifaa kinachokubalika, mgonjwa anastahili kuambiwa zote mbili.

Mambo kama hayo yameshatokea kwenye macho. Mtoto wa jicho ni ukungu unaoifunika lenzi ya asili ya jicho. Tiba yake ni kuiondoa lenzi hiyo na kuweka ya bandia. Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990 lenzi hizo zilitengenezwa zaidi katika nchi tajiri na kuuzwa kwa zaidi ya dola 100. Mwaka 1992 kiwanda cha Aurolab, kilichoanzishwa na hospitali za macho za Aravind huko Madurai, India, kilianza kuzitengeneza na kuzishusha hadi kama dola 10, kisha chini ya hapo. Leo mgonjwa wa macho akiona bei mbili zinapishana mara tatu, tofauti inaweza kuwa aina ya lenzi, mashine ya kusagia mtoto wa jicho, au chumba chenye kiyoyozi na televisheni. Ni vizuri ajue analipia kipi kati ya hivyo.

Kwa mifupa, kuna mfano ulio karibu zaidi. Dereva wa bodaboda akivunjika paja, njia nzuri ya kumtibu ni kupitisha chuma ndani ya mfupa ili aanze kutembea mapema, badala ya kulala wiki nyingi mguu ukivutwa kwa uzito. Vyuma hivyo ni ghali, na kwa kawaida huhitaji mashine ya eksirei inayoonyesha mfupa wakati kazi ikiendelea. Mwaka 1999 daktari Mmarekani Lewis Zirkle alianzisha shirika la SIGN, linalotengeneza chuma kinachoweza kuwekwa bila mashine hiyo na kukitoa kama msaada kwa hospitali za nchi zenye kipato kidogo. Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, ni miongoni mwa hospitali zilizotumia sana chuma hicho. Kwa hiyo swali la "mna chuma cha msaada?" si la aibu. Linaweza kuondoa mstari mmoja mzito kwenye bili.

Upasuaji wa matundu nao huwachanganya watu. Hapa daktari hafanyi mkato mrefu. Hupitisha kamera na vifaa vyembamba kwenye matundu madogo, tumbo likiwa limejazwa gesi. Kwenye bili huwa ghali zaidi kwa sababu ya mashine na vifaa vingine vya kutumika mara moja. Lakini mgonjwa huwahi kutoka wodini na kuwahi kurudi kazini. Aliyeajiriwa na anayelipwa akiwa likizo ya ugonjwa anaweza asione faida hiyo mfukoni. Anayelipwa kwa siku aliyofanya kazi ataiona, na inafaa aihesabu kabla ya kusema njia hiyo si ya watu kama yeye.

Mlango gani wa hospitali?

Wasomaji wenye umri mkubwa wa Tanzania wanakumbuka kwamba hospitali za kibiashara zilipigwa marufuku kwa sheria ya mwaka 1977, zikabaki za serikali na za mashirika ya dini. Ruhusa ilirudi mwaka 1991, na miaka miwili baadaye serikali ikaanza kuwachangisha wagonjwa kwenye hospitali zake yenyewe. Tangu hapo mpaka kati ya "ya serikali" na "ya kulipia" umefifia.

Leo mtu anaweza kulipia upasuaji kwa njia tatu. Anaweza kwenda hospitali binafsi ya kibiashara. Anaweza kwenda hospitali ya dini au ya shirika lisilotafuta faida: KCMC mjini Moshi na Bugando jijini Mwanza kwa Tanzania, Kijabe na Tenwek kwa Kenya. Au anaweza kuingia hospitali kubwa ya umma kupitia wodi zake za kulipia zaidi, kama zilivyo Muhimbili, Kenyatta na Mulago. Mlango huu wa tatu ndio unaosahaulika. Hapo mara nyingi bingwa ni yuleyule wa upande wa kawaida. Kinachoongezeka ni uharaka wa tarehe, chumba, na nafasi ya kumchagua daktari.

Hospitali ya CCBRT jijini Dar es Salaam imefanya kazi kwa mpango unaostahili kuelezwa: wanaoweza kulipia kliniki yake binafsi husaidia kubeba gharama za wasioweza. Kwa wanawake wenye fistula, tundu linalotokana na uchungu wa uzazi uliokwama na linalosababisha kuvuja mkojo, matibabu hutolewa bure, na hospitali hiyo ilianza kutuma hata nauli kwa njia ya simu. Kuna mwanamke aliyekaa na ugonjwa huo miaka mingi akiamini anahitaji fedha asizokuwa nazo. Kabla ya kuchangisha kwa ajili ya upasuaji wowote, familia iulize kwanza kama upasuaji huo una mpango wa bure: fistula, mdomo sungura, nyayo zilizopinda za watoto, mtoto wa jicho kwenye kambi za macho.

Kadi ya bima si risiti

Wenye bima hudhani sura hii haiwahusu. Inawahusu. Kila bima ina kitita, yaani orodha ya huduma inazozilipia na bei yake kwa kila huduma. Hospitali ikiwa na bei kubwa kuliko ya kitita, pengo linaweza kumrudia mgonjwa.

Kenya ilibadilisha mfumo wake tarehe 1 Oktoba 2024, SHA, mamlaka mpya ya bima ya afya ya jamii, ilipochukua nafasi ya mfuko wa NHIF uliokuwapo tangu 1966. Mwajiriwa hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara wake kabla ya makato, na kima cha chini ni shilingi 300 za Kenya kwa mwezi. Kwa kujifungua kwa upasuaji mfuko uliweka malipo ya shilingi 30,000. Mama anayejifungulia hospitali binafsi yenye bei ya juu zaidi ya hapo anahitaji kujua mapema, kwa maandishi, nani anajaza kilichobaki.

Tanzania nayo ilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023. Lakini Machi 2024 wanachama wa NHIF ya Tanzania, mfuko wa bima wenye jina sawa na ule wa Kenya, walijionea jambo jingine: hospitali kadhaa binafsi zilisitisha kuwahudumia kwa sababu ya mvutano kuhusu bei mpya za kitita. Mwenye tarehe ya upasuaji wiki ile alikuwa na kadi halali mkononi na hakuwa na huduma.

Mambo mawili zaidi huwakwamisha wenye bima binafsi. La kwanza ni muda wa kusubiri, miezi ambayo mwanachama mpya hulipa mchango bila kuruhusiwa kufanyiwa upasuaji fulani. La pili ni kibali cha awali: bima lazima ikubali kwa maandishi kabla ya upasuaji usio wa dharura. Kibali kikija na kiasi pungufu, mgonjwa bado ana nafasi ya kuhoji akiwa nyumbani. Akishalazwa, nafasi hiyo imepungua sana.

Gharama zisizoandikwa

Mwaka 2015 tume ya kimataifa ya upasuaji iliyoitishwa na jarida la Lancet ilitoa makadirio yanayopaswa kubadilisha jinsi familia zinavyopanga. Kila mwaka watu milioni 33 duniani huingia kwenye matumizi ya kuangamiza kwa sababu ya bili ya upasuaji na usingizi, yaani matumizi makubwa kiasi cha kuitikisa nyumba nzima. Wengine milioni 48 huangukia huko kwa sababu ya nauli, chakula na malazi tu wakati wa kutafuta upasuaji huo. Vitu ambavyo hakuna mhasibu wa hospitali anayeviandika vimewaangusha watu wengi kuliko bili yenyewe.

Turudi kwa fundi wa Gerezani. Baada ya upasuaji wa kawaida wa ngiri, madaktari hushauri kutonyanyua vizito kwa wiki nne hadi sita. Tuseme hupata shilingi 25,000 kwa siku na hufanya kazi siku sita kwa wiki. Wiki sita ni siku 36 za kazi, sawa na shilingi 900,000 zisizoingia. Hapo bado mke wake aliyefunga genge siku nne ili amuuguze, bajaji za kwenda kliniki, na mdogo wake aliyetoka Singida kumsaidia. Kodi ya nyumba haikusimama.

Wengi hukata gharama hii kwa njia mbaya: wanarudi kazini wiki ya pili. Injini inanyanyuliwa, mshono unaachia, na ngiri inarudi na bili yake ya pili. Hesabu ya michango iliyotungwa vizuri huwa na mstari wa "kula na kodi ya wiki sita" pamoja na mistari ya hospitali. Wachangiaji wataelewa wakielezwa.

Kuchelewa kuna bei yake

Upasuaji wa kupangwa ni ule ambao tarehe yake inaweza kuchaguliwa. Wa dharura hauchagui. Ugonjwa uleule ukihama kutoka wa kwanza kwenda wa pili, bili hubadilika kabisa, na katika sura yote hii hili ndilo jambo zito kuliko mengine.

Ngiri inayoingia na kutoka inaweza kusubiri mwezi mmoja fedha itafutwe. Lakini utumbo ukinaswa kwenye tundu na damu ikakatika, zimebaki saa chache tu. Dalili zake ni uvimbe mgumu usiorudi ndani, maumivu makali, kutapika, na kukosa choo na hewa. Sasa kinachohitajika si kushona tundu tu. Tumbo linaweza kufunguliwa, kipande cha utumbo uliokufa kukatwa, damu kuongezwa, na mgonjwa kulala siku nyingi, pengine chumba cha uangalizi maalumu, ambacho kwa siku moja kinaweza kuzidi siku kadhaa za wodi ya kawaida. Na haya yanaweza kutokea usiku, katika hospitali yoyote iliyo karibu, bila nafasi ya kulinganisha bei.

Kwa hiyo anayekusanya fedha ana swali moja la kumuuliza daktari kabla ya yote: "Ugonjwa wangu unaweza kusubiri hadi lini, na nikiona nini nisisubiri tena?" Jibu lake ndilo linalopanga ratiba ya michango. Uvimbe wa kizazi usiotoa damu nyingi unaweza kuvumilia. Kidole tumbo hakivumilii.

Cha kuomba kabla ya kusaini

Kuna karatasi inayoitwa profoma, makadirio ya gharama yaliyoandikwa kabla ya huduma. Kampuni huiomba kila siku zinaponunua vifaa. Mgonjwa naye aiombe, ikiwa na jina la upasuaji, tarehe, muhuri, na mchanganuo wa kila kipengele. Kisha aulize haya, akiwa na ndugu anayeandika:

- Bei hii ina daktari wa upasuaji, msaidizi na wa usingizi, au wanalipwa mbali?
- Ina siku ngapi za kitanda, na siku ya ziada ni kiasi gani?
- Kifaa kitakachobaki mwilini ni cha aina gani, na kuna kingine cha bei tofauti?
- Ikibidi kufanya zaidi ya kilichopangwa, nani atapigiwa simu?
- Kuondoa nyuzi, kusafisha kidonda na kliniki ya kwanza ya marudio vimo?
- Kianzio ni kiasi gani, na upasuaji ukiahirishwa kinarudishwa?

Malipo yote yapite kwenye dirisha, benki au namba ya malipo, na kila kimoja kiwe na risiti. Fedha inayoombwa korido haina risiti, na haitahesabiwa siku bili inapofungwa. Damu nayo haitakiwi kuuzwa. Ndugu huombwa wachangie, na anayetaka fedha ya chupa ya damu mkononi aripotiwe kwa uongozi.

Fedha ikiisha katikati

Hata hesabu nzuri huzidiwa. Ikitokea, wa kumwona kwanza katika hospitali za umma na nyingi za dini ni afisa ustawi wa jamii. Huyu ndiye anayepima hali ya familia na kupendekeza msamaha au punguzo. Aonwe siku ya pili au ya tatu ya kulazwa, akiwa bado na muda wa kuuliza na kujaza fomu, wala si asubuhi ya kuruhusiwa. Barua ya serikali ya mtaa au kijiji humrahisishia kazi.

Kumzuia mgonjwa aliyepona kwa sababu ya deni ni jeraha la zamani katika ukanda huu. Burundi ilitangaza matibabu ya bure kwa watoto wa chini ya miaka mitano na kwa wanaojifungua mwaka 2006, mwaka uleule ambao ripoti za haki za binadamu ziliwaonyesha akina mama waliofanyiwa upasuaji wakiwa wameshikiliwa wodini, baadhi yao bila chakula cha kutosha. Septemba 2015 Mahakama Kuu jijini Nairobi iliamua kwamba kuwazuia wanawake wawili katika hospitali ya uzazi ya Pumwani kwa kushindwa kulipa kulikiuka haki zao za kikatiba, na ikaamuru walipwe fidia. Mmoja wao alikuwa amelazwa sakafuni.

Hukumu ile haikufuta madeni ya hospitali; ilisema yadaiwe kwa njia halali, wala si kwa kumgeuza mtu rehani. Kwa familia iliyokwama, maana yake ni kuomba ofisi ya uhasibu makubaliano ya kulipa kwa awamu, yenye saini za pande zote mbili na kiasi ambacho nyumba inakiweza kweli. Pamoja nayo waombe karatasi ya kuruhusiwa, inayotaja upasuaji uliofanyika, kifaa kilichowekwa, dawa za kuendelea nazo na tarehe ya kutoa nyuzi. Daktari wa hospitali nyingine, au wa zahanati ya kijijini, hawezi kuendelea vizuri na kidonda asichojua kilifanyiwa nini.